Diwali ya kwanza Kampala na tuko msibani, taa niwashe au nisiwashe?

BintiMakadara

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mie ni Mhindi wa Mombasa, nimezaliwa Makadara na kukulia hapo hapo, Kampala nina miezi saba tu nimekuja kwa kazi ya uhasibu na nimepanga Bukoto, ghorofa ya tatu. Naombeni ushauri kwa wanaoijua Diwali ya hapa, sikukuu yetu Wahindu ya taa, na hata wasioijua ila wanaijua Kampala na watu wake.

Mwaka huu 2023 Diwali ni Jumapili Novemba 12. Nyumbani wiki kama hizi jikoni hapakaliki, mamangu na shangazi zangu wanakaa chini mkekani wanakunja ghughra, ni vile vitu vya kukaanga vya umbo la nusu mwezi, ndani nazi na iliki na sukari, na ukingo wake wafinywa kwa kidole gumba na kukunjwa, finya kunja finya kunja mpaka unatoka kama kamba iliyosokotwa. Bibi yangu, sisi twamwita Ba, akiona msokoto umelegea anaufumua wote na kuanza upya hata kama ni usiku wa manane.

Ba alitutoka mwezi wa tano. Nilikuwa huku. Nilipanda basi usiku ule ule lakini sisi hatuweki maiti, mpaka nafika Mombasa walishamchoma, nilikuta picha yake na ua.

Sasa mama kasema mwaka huu nyumbani hatukaangi kitu, hatuchori rangoli, yale mapambo ya unga wa rangi mlangoni, hatuvai nguo mpya. Nimekubali, ni desturi na yeye ndiye mwenye uchungu zaidi. Lakini wao kule wako kumi na mmoja nyumba moja, mie huku niko peke yangu na nikifikiria kukaa gizani usiku ule wa Diwali moyo hautaki kabisa.

Halafu kuna jambo la pili. Mwenye nyumba wangu anakaa chini, ni mama mtu mzima, mlokole, wa heshima zake. Mwezi uliopita siku za Navratri, sala zetu za usiku tisa, niliwasha kitaa kidogo nje ya mlango na kuweka unga mwekundu kidogo kizingitini, asubuhi nikakuta pamefagiliwa na kumwagwa maji, na askari wa getini akaniambia eti mama anauliza kama ni mambo ya dawa. Yeye mwenyewe hajaniambia kitu. Tangu siku ile tukipishana ngazini ni salamu tu na kila mtu na njia yake, na mie nimeona haya kumfuata.

Nauliza basi: aliye msibani huku mbali na kwao anafanyaje? Taa za udongo zinapatikana wapi? Na hekaluni mtu asiyejulikana na mtu anaweza kuingia tu? Asanteni.

Fundi_Ntinda

Pole sana dada kwa msiba. Mimi nitasema la moto tu maana ndio kazi yangu, nafunga umeme kwenye majengo. Ghorofa ya tatu, mapazia, upepo wa Novemba na mvua zake, taa ya mafuta mlangoni usiku kucha hapana. Nimeshaona sebule imeungua kwa mshumaa mmoja umeme ulipokatika. Nenda Kikuubo utapata zile taa ndogo za waya za rangi, bei rahisi, unachomeka ukutani umemaliza na mwenye nyumba hataona cha kuuliza, atadhani ni Krismasi imewahi.

Mama_Kyebando

Bambi pole mwanangu, pole kwa jjajja wako, bibi yako. Fundi nakuheshimu lakini taa za Kikuubo sio diya, zile taa zao za udongo. Mimi nimepika kwa familia ya Kihindi hapo Kololo miaka kumi na tisa, Kiswahili changu chote nimekitoa kwenye jiko lile maana mama mwenye nyumba Luganda hakijui na mimi Kigujarati sikijui tukakutana katikati, na Diwali nimeziona zote hizo kumi na tisa kwa hiyo nisikilize.

Taa usisumbuke kutafuta za dukani. Nenda kwa wale akina mama wanaouza vyungu na sigiri sokoni mwambie akufinyangie vikombe vidogo kama nusu ya kiganja, ubonyeze mdomo upande mmoja pa kulaza utambi, atacheka lakini atafanya. Vikishachomwa, kabla ya kuwasha uviloweke kwenye maji masaa kadhaa halafu uvikaushe na kitambaa, usipoviloweka udongo unakunywa mafuta yote na saa moja tu taa imekufa. Hiyo nilifundishwa siku ya kwanza kabisa baada ya kumaliza chupa nzima ya mafuta bila taa hata moja kusimama. Utambi ni pamba ya kawaida, ivute iwe nyembamba, isokote kwenye kiganja. Mafuta sisi tulikuwa tunatumia samli ya Mbarara kwa ile taa ya mbele ya mungu wao na zilizobaki zote mafuta ya simsim kutoka kaskazini, hayatoi moshi mwingi na nyumba inanukia vizuri.

Na moto Fundi ana haki. Chukua sinia ya chuma, jaza mchanga, panga taa juu ya mchanga, pazia lifunge fundo juu. Na usilale zikiwaka.

Sasa la mwenye nyumba wako. Mwanangu sisi Waganda ukiweka kitu kizingitini cha mlango bila kusema, chenye unga mwekundu tena, mtu lazima aogope, na mlokole ndio zaidi. Hakukuchukia, aliogopa. Na Novemba ndio hii nsenene, wale panzi wa kuliwa, zinaanza, taa kali ziko kila kilima zimezungushiwa mabati za kutegea, taa ya mlangoni peke yake sio ajabu kwetu, ajabu ni mtu kunyamaza. Shuka kwake jioni akiwa ametulia, sio asubuhi watu wanakimbilia kazi. Ukimsalimia inama, mwite maama, muulize habari za nyumba kwanza zote mpaka ziishe, ndio umwambie lako. Usitume askari.

Ngoja nikuulize, kwa nini hukaangi? Kwetu kule Kololo kulikuwa na vitafunio, chakri na chevda na zile ghughra mpaka tunaweka kwenye madebe. Sukari guru ya Busoga tulikuwa tunanunua kwa bonge, mama yule ndiye aliniambia kwa Kihindi inaitwa gur, kumbe ndio guru yetu hii.

Mzee_wa_Jinja

Binti, pokea pole zangu. Nina miaka sitini, ni Mgujarati wa Jinja, nitakujibu la msiba kwa sababu naona wengi hawatalijua.

Alivyosema mamako ndivyo. Mwaka wa msiba nyumba yenye msiba haiwashi jiko la sikukuu, haichori mlango, haitembelei watu kwa furaha. Lakini hakuna aliyesema nyumba hiyo iachwe gizani. Kwetu taa ya mlangoni ilikuwa inabaki, tena nyumba ya msiba haikaangi kwa sababu wengine ndio wanaoiletea. Jamaa na majirani wanakuja na sahani. Wewe ni wa Mombasa, matanga ya Waswahili unayajua, mfiwa hapiki, anapikiwa. Ni hivyo hivyo. Shida yako sio desturi, shida yako ni kwamba uko mahali ambapo hakuna anayejua kwamba umefiwa. Kila ukoo una taratibu zake lakini, kwa hiyo mpigie mamako umuulize kabla ya kunisikiliza mimi.

Nikwambie na hili. Mwaka 1972 nilikuwa na miaka tisa. Amin alitangaza mwezi wa Agosti kwamba Waasia tuondoke, siku 90, na mwisho ukawa Novemba 8. Diwali mwaka ule iliangukia Jumapili Novemba 5, siku tatu kabla. Mtaa wetu nyumba nyingi zilikuwa zimeshafungwa, mchana huo sikusikia sufuria hata moja. Meza tulishauza, vitanda tulishauza, kulikuwa na masanduku tu katikati ya chumba. Babangu alisema mwaka huu tuache, na mamangu hakubishana naye, jua lilipozama alichukua taa ndogo ya shaba akaiweka juu ya sanduku lake mwenyewe, akaiwasha, akafungua mlango wa mbele wazi kabisa. Baba alitaka kuufunga, barabarani kulikuwa na wanajeshi. Mama alisema Lakshmi, mungu wetu wa kike wa neema, haingii nyumba iliyofungwa na mimi sijahama bado. Tulikaa sakafuni wote watano. Taa hakuipuliza, alisubiri mafuta yaishe yenyewe, halafu akaifuta masizi akaifunga ndani ya sweta yangu na ndio iliyokwenda nasi Leicester. Huko Novemba saa kumi na moja jioni ni usiku mweusi na baridi, tukawa tunaiweka dirishani maana mlango haufunguliki kwa upepo.

Nilirudi Uganda 1994. Taa ile ninayo.

Kwa hiyo swali lako la washa usiwashe, mimi jibu langu nimekupa. Jua la Kampala Novemba linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, giza likianza kuingia ndio wakati wake.

Kaka_Mengo

Heshima yako mzee. Mimi naomba jambo moja tu kwa ndugu zetu wote mnaosherehekea, zile baruti. Watoto wadogo na wagonjwa na mbwa mitaani wanateseka usiku ule, mamangu alikuwa anauguzwa nyumbani mwaka jana na kila mlio alikuwa anashtuka. Baruti hapa zinahitaji kibali cha polisi lakini mitaani kila mtu anajirushia tu. Taa nazipenda sana mimi, taa hazimuumizi mtu.

Mwana_wa_Duka

@Kaka_Mengo uko sahihi na pole kwa mama, kwetu tumeacha mambo ya kurusha nyumbani, anayetaka kuona aende mahali palipopangwa zimalizwe mapema.

@BintiMakadara mimi nimezaliwa hapa hapa Kampala, la hekalu nakujibu. Ingia tu. Hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Viatu nje, mabega na magoti yafunikwe, simu zima, na kwenye mandir, yaani hekalu, ya wafuasi wa Swaminarayan wanawake wana upande wao na wanaume wao usije ukakaa upande usio wako ukaona aibu bure. Siku nzuri ya kwenda kwa mtu mgeni sio Diwali yenyewe, ni ile ya Annakut, mwaka mpya wetu, wanapanga vyakula mbele ya mungu ngazi kwa ngazi kama kilima, mamia ya sahani, vyote bila nyama bila kitunguu bila saumu, na baadaye vinagawiwa kwa waliohudhuria, hata Waganda wengi wanakuja. Msiba haukuzuii kusimama nyuma ukaomba, hiyo kwa uelewa wangu, mzee atanisahihisha.

Ila angalia tarehe. Diwali Jumapili 12 lakini mwaka mpya ni JUMANNE 14, sio Jumatatu, mwaka huu kuna siku moja imeingia katikati kwa sababu mwezi mwandamo unaanza Jumatatu jua likiwa limeshachomoza na sisi siku tunaihesabu kwa macheo. Wenzangu ofisini wananiuliza kila mwaka mbona Diwali inatembea, mwaka jana ilikuwa Oktoba 24 sasa Novemba 12. Ni hesabu ya mwezi kama Idi, tofauti ni kwamba sisi kila baada ya miaka miwili na nusu na zaidi kidogo tunaongeza mwezi mzima ili sikukuu zisikimbie majira, na mwaka huu uliongezwa kati ya Julai na Agosti ndio maana zote zimechelewa. Omba ruhusa Jumanne mapema, maana kwenu Kenya sheria inawapa Wahindu siku ya Diwali lakini hapa Uganda haimo kwenye orodha ya sikukuu za taifa, ni wewe na bosi wako.

Na kama wewe ni mhasibu usikose Chopda Pujan, ibada ya kubariki vitabu vya hesabu, jioni ya Diwali. Babu yangu alikuwa anapeleka madaftari yake mekundu ya duka yabarikiwe kabla ya kuandika hesabu ya mwaka mpya, ukurasa wa kwanza anaandika Shri, neno letu la baraka, chini yake Shri mbili, chini yake tatu, mpaka inakuwa kama paa la nyumba. Sasa hivi watu wanapeleka hata kompyuta, zinapangwa mstari na kila moja inapakwa kumkumu, ule unga mwekundu, kidogo. Mwaka wetu unaoanza Jumanne ni 2080.

BintiMakadara

Jamani nimesoma kazini nimeshindwa kujizuia, nimeenda msalani nikalia. Mzee shikamoo, na asante.

Babu yangu naye alikuwa na madaftari mekundu, Mwembe Tayari alikuwa na duka la nguo, na Shri za ukurasa wa kwanza nilikuwa naandika mie kwa sababu nina mwandiko. Nilikuwa nimesahau kabisa mpaka niliposoma hapa.

Nimempigia mama. Alinyamaza kwa muda mpaka nikadhani laini imekatika, halafu akasema washa. Akaniambia Ijumaa ya Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, niwashe moja inayoelekea kusini, hiyo ni ya Yama mwenye mauti, na Jumapili niwashe mbili tu, moja ya mlangoni na moja ya Ba. Kusini kwa hapa ni upande wa ziwa, nimeangalia kwenye simu.

Kwa mwenye nyumba nashuka kesho jioni. Naogopa kusema kweli.

Fundi_Ntinda

Mbili kwenye sinia la mchanga sina neno. Zisizidi hapo. Na kusini kwa Bukoto uko sawa ni ziwa.

Mama_Kyebando

Kumbe ndio sababu hukaangi, mimi miaka yote kumi na tisa kwenye ile nyumba hawakupata msiba hata mmoja namshukuru Mungu, kwa hiyo hiyo sikuijua. Kale, sawa. Mzee amesema mfiwa anapikiwa. Mimi sasa nimestaafu lakini mashine ya chakri ninayo, mama yule aliniachia alipohama. Bukoto na Kyebando ni boda moja. Nitumie meseji pembeni uniambie ni geti gani, Jumapili mchana nitakuja. Ghughra nitajaribu, ule msokoto wa ukingo mama yule alikuwa ananinyang'anya anafanya mwenyewe, kwa hiyo ukiona umelegea unisamehe.

BintiMakadara

Naandika Jumatano, mniwie radhi kwa kuchelewa, na itakuwa ndefu.

Nilishuka kwa mwenye nyumba kama mlivyosema. Niliinama nikamwita maama, tukauliza habari za nyumba na za mvua na za mjukuu wake anayesoma Masaka, halafu nikamwambia maama ile taa na ule unga vilikuwa vyangu, ni sala yetu, na Jumapili nataka kuwasha taa mbili, moja ni ya bibi yangu aliyefariki. Akaniangalia. Akauliza amefariki lini. Nikasema mwezi wa tano. Akapiga kofi pajani, akasema mwezi wa tano! Miezi sita uko juu ya kichwa changu unalia peke yako na mimi niko hapa chini nakula nalala! Alinigombeza kama mamangu mzazi vile. La dawa aligusia kidogo tu, alisema zamani aliwahi kuwekewa vitu mlangoni na mtu waliyegombania kiwanja, na toka hapo akiona rangi nyekundu kizingitini hawezi. Akaniambia ungeniambia. Nikamwambia ungeniuliza. Tukanyamaza wote wawili halafu akanipa chai.

Ijumaa niliwasha ya kusini, dakika chache tu, upepo wa ziwa uliizima mara mbili nikaiwasha tena.

Jumapili mchana Mama Kyebando alifika na boda, ndoo ya chakri mapajani imefunikwa kwa kitenge. Ghughra zilikuwa kumi na nne. Mama, msokoto ulikuwa umelegea kwenye mbili, nilizitafuta kwa makusudi nikazila hizo kwanza.

Saa kumi na mbili na nusu nikawasha. Vikombe vya sokoni niliviloweka tangu asubuhi, mafuta ya simsim, sinia la mchanga, pazia nimelifunga fundo. Nilifungua mlango wazi, mzee, wazi kabisa, nikakaa chini. Nikampigia mama video, kule nao walikuwa na moja yao wameweka mbele ya picha, hatukuongea sana.

Kama saa mbili nikasikia mtu anapanda ngazi polepole. Ni mwenye nyumba, amevaa gomesi ya kanisani, ana bahasha mkononi. Alivua viatu nje bila kuambiwa. Akakaa chini kwenye mkeka, na magoti yake yanamsumbua, akanipa bahasha kwa mikono miwili akasema hii ni mabugo ya jjajja. Nilikuwa sijui mabugo ni nini, akanieleza kwamba kwao mtu akifiwa unamletea rambirambi, zamani ilikuwa kitambaa cha magome ya mti cha kumzikia maiti, siku hizi ni pesa kidogo, na kwamba imechelewa miezi sita lakini deni la msiba halifutiki. Akauliza alikuwa anaitwa nani, nikamtajia jina la Ba, akalirudia mpaka akalishika vizuri. Akafumba macho akaomba kwa Luganda, kwa Yesu wake, nikamsikia jina la Ba katikati limetamkwa sawasawa.

Tukala ghughra. Akauliza ya jjajja ni ipi kati ya hizi mbili, nikamwonyesha. Ilikuwa imeanza kufifia. Akainuka mwenyewe kwa shida, akachukua chupa ya simsim pale kando akaiongeza mafuta, akaunyoosha utambi kwa njiti ya kiberiti, akarudi kukaa.

Jumanne bosi alinipa nusu siku, nikaenda Annakut, nikasimama nyuma.

Mama Kyebando ndoo yako na kitenge chako viko kwangu, nitavileta Jumamosi, na ndoo haitakuja tupu.